Pawa saplai isiyopiga kelele kwa mashine ya RTX 4090, naomba ushauri kabla sijatupa hela

popo_mbezi

Wakuu habari za usiku. Nimejenga mashine ya gemu polepole mwaka mzima, kila mwezi kipande. Prosesa ni Ryzen 7 7800X3D, GPU (kadi ya picha) ni RTX 4090 niliyoletewa na shemeji yangu aliyeko Muscat, RAM GB 32, keisi kubwa ya vioo. Kila kitu kipya isipokuwa pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme kwenye mashine, hiyo niliinunua miaka mitatu iliyopita nikiwa na GPU ndogo, imeandikwa 850W na ina kibandiko cha Gold (alama ya ufanisi wa umeme), kampuni sitaji maana hata mimi sikuwahi kuisikia kabla wala baada.

Tatizo ni kelele. Tunaishi chumba na sebule huku Mbezi, mashine iko chumbani, mtoto ana miezi mitano, kwahiyo mimi nacheza kuanzia saa nne usiku akishalala. Nikifungua gemu zito dakika kumi haziishi linaanza kuvuma kama blenda ya muuza juisi, alafu linashuka, alafu linapanda tena, yaani bora lingevuma moja kwa moja mtu ukazoea. Na kuna kingine, kasauti kembamba kama mbu, ziiiii, hako nakasikia hata kwenye menyu kabla gemu halijaanza. Juzi mtoto kaamka saa sita usiku. Mama yake hakusema kitu, aliniangalia tu. Wenye ndoa mnaelewa.

Bajeti laki 7 isizidi. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa, mmoja anasema chukua Titanium, mwingine anasema zipo zisizo na feni kabisa, muuzaji mmoja Kariakoo kaniambia "chukua 1600W bosi umalize shida". Nichukue ipi?

bwana_kelele

Hamishia mashine sebuleni mkuu. Au hamia wewe 😂

popo_mbezi

Sebuleni kuna mdogo wangu amelala kwenye kochi, anatafuta kazi. Msaidieni na yeye kama kuna mtu ana connection.

fundi_bati

Popo hongera ya mtoto. Usinunue kitu kwanza. Watu wengi wanabadilisha pawa saplai alafu kelele inabaki palepale kwasababu haikuwa yake. Chukua kile kimduara cha karatasi kinachobaki toilet pepa ikiisha, weka sikio upande mmoja, upande wa pili uwe unausogeza kwenye keisi gemu likiwa linaendelea. Anza nyuma pale pawa saplai inapotolea hewa, nenda kwenye GPU, malizia feni za mbele. Sikio litakuambia lenyewe. Huo mlio wa mbu nina wasiwasi nao, kama unasikika kwenye menyu nadhani naujua unakotoka lakini pima kwanza.

La pili zima mashine, toa kifuniko cha pembeni upige tochi kwenye kibandiko cha pawa saplai. Usisome ile 850W kubwa, hiyo ni ya kuuzia. Tafuta mstari wa +12V uniambie umeandikwa ampea ngapi. Siku hizi prosesa na GPU zote zinakula kwenye hiyo 12V, zile 5V na 3.3V ni makombo.

Na usiifungue hata kama bisibisi inakuwasha mkononi. Kuna kapasita kubwa mle ndani inashika volti karibu 400 na inaweza kubaki na chaji hata kama umechomoa ukutani. Mi nilipigwa siku moja nikarusha bisibisi ikatoboa silingi bodi, tundu lipo mpaka leo, wanangu wananionyesha kila wageni wakija.

popo_mbezi

Mzee nimefanya. Mke kanikuta nimepiga magoti na karatasi ya chooni sikioni kama daktari, kaondoka bila kuuliza.

Majibu: mvumo unatoka pawa saplai, hapo hakuna ubishi. Ila ule wa mbu unatoka KWENYE GPU. Kumbe nilikuwa namlaumu asiyehusika. Kibandiko kinasoma +12V 54A, na chini kabisa kwa herufi za kutafuta kwa tochi kimeandikwa "850W MAX".

fundi_bati

Sasa tuko pamoja. Piga hesabu ndogo, 54 mara 12 ni 648. Hiyo ni pawa saplai ya wati 650 iliyoazima koti la 850. Ya 850 ya kweli kwenye mstari wa 12V utakuta ampea 70 au zaidi kidogo, maana 70 mara 12 ni 840. Ukienda dukani hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, kabla ya rangi, kabla ya Gold, kabla ya maneno ya muuzaji, na inafanyika kwa simu yako mwenyewe ukiwa umesimama kwenye kaunta.

Sasa angalia mzigo unaoibebesha. 4090 peke yake imewekewa wati 450. Hiyo 7800X3D kwenye gemu haili sana, weka 70 au 80. Mazabodi, RAM, SSD, feni na mataa yako yote weka 60. Unakaribia 600. Kwahiyo kwenye gemu zito hiyo yako inafanya kazi zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake wa kweli, chumba kina joto la Dar, feni yake ni ndogo, unategemea ikae kimya kwa dawa gani? Inavuma kwasababu inaungua polepole. Na kule kupanda na kushuka ni feni inajaribu kupoza, ikipoza kidogo inashuka, joto linarudi, inapanda. Kila ukiingia sehemu yenye vita inapanda, ukisimama kusoma mapu inashuka.

Alafu 4090 na kadi kubwa zote za siku hizi zina tabia ya kuruka, kwa muda mfupi sana, chini ya kupepesa jicho, inavuta wati nyingi kuliko zilizoandikwa. Ndio maana 2022 wakaleta kanuni mpya ya ATX 3.0, inataka pawa saplai kubwa za namna hii zivumilie mpaka mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Hiyo yako haijui habari hizo. Kama haijawahi kukuzimikia katikati ya gemu shukuru Mungu na usiendelee kumjaribu.

Ule wa mbu: ni koili za GPU. Kuna vikoili vidogo kwenye bodi vinapitisha umeme mwingi unaokatwa na kuunganishwa mara laki kadhaa kwa sekunde, vinatetemeka, vinalia. Havijaharibika. Sasa nenda kwenye menyu ya gemu uangalie FPS, yaani picha kwa sekunde, ziko ngapi.

popo_mbezi

Nimeangalia. 1,140. Kwenye menyu! Kuna picha ya mlima na neno START.

fundi_bati

Ndo hiyo. Kadi inachora mlima uleule mara elfu moja mia moja na arobaini kwa sekunde wakati skrini yako sijui ni ya hezi ngapi (inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde), 144? Funga FPS zisizidi 141. Setingi iko kwenye programu ya Nvidia, inaitwa Max Frame Rate, dakika moja, bure. Mlio utashuka sana, pengine uishe.

popo_mbezi

WAKUU. Umeisha. Ukiweka sikio kabisa kwenye kioo unasikia kwa mbali. Nilikuwa nishaanza kutafuta mtu wa kumuuzia 4090.

dada_wa_render

Sasa wasee. Mimi niko Nairobi, sichezi gemu, ninafanya kazi ya 3D na 4090 hiyo hiyo, mashine inalala ikirenda, yaani ikichora picha za 3D, na mimi nalala kwa chumba hicho hicho, kwa hivyo haya mambo ya kelele nimeyasoma mpaka nikachoka.

Popo, watu watakuambia Titanium, Platinum, Gold. Hizo alama za 80 Plus zinapima kitu kimoja tu, ni umeme kiasi gani unapotea ukiwa joto. Hazipimi kelele hata kidogo. Kuna uhusiano, ndio, joto kidogo maana yake feni haina haraka, lakini hesabu yake ni ndogo kuliko vile unadhani. Kwa umeme wetu wa volti 230, mzigo wa nusu, Gold inatakiwa ifike asilimia 92 na Titanium 96. Ukivuta wati 600, ya Gold inatupa kama wati 52 za joto, Titanium inatupa 25. Ni nusu, sawa, lakini kuna Titanium ziko na feni mbaya na Gold ziko na feni nzuri, na feni ndio unasikia, husikii asilimia.

Kile unataka kuangalia ni Cybenetics. Ni maabara iko Cyprus, wanapima pawa saplai moja moja, na wana alama mbili tofauti, moja ya ufanisi na moja ya kelele. Ya kelele inaenda hivi, A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni 15 hadi 20, A ni 20 hadi 25, A- ni 25 hadi 30, halafu zile za Standard zinafuata huko chini. Orodha iko kwa tovuti yao bure, unatafuta modeli unaona, na wanapima kwa volti 115 na 230 tofauti, wewe soma ile ya 230. Mimi chini ya A- sinunui. Mbili zinaweza kuwa na Gold ileile, moja iko A na ingine iko Standard, na bei ni karibu sawa. Hapo ndipo pesa ya watu inapotea.

Mimi nilichukua be quiet! Straight Power 12 ya 1000W. Feni yake haizimi, inazunguka polepole wakati wote, na hiyo ndiyo nilitaka. Zile zinazima feni mzigo ukiwa mdogo ni tamu kwa karatasi, lakini ukiwa na mzigo ule wa katikati feni inawaka, inazima, inawaka, inazima. Usiku sikio linashika MABADILIKO, halishiki sauti. Nilikuwa na moja hivyo, ilikuwa inanifanya nihesabu sekunde kama mgonjwa.

gold_ni_gold

Kwa heshima zote dada, mi nina Titanium na haijawahi kutoa sauti hata siku moja. Ukinunua kitu cha juu umenunua cha juu. Mambo ya kusoma maabara ya Cyprus ni kujitesa.

dada_wa_render

GPU yako ni gani?

gold_ni_gold

RTX 3060

dada_wa_render

Hiyo kadi ni wati 170. Hata pawa saplai yangu ikiwa na kadi hiyo, feni haingejua kama kuna kazi.

fundi_bati

😂😂 dada kammaliza kijana.

Nimalizie hayo mengine mawili aliyouliza. Isiyo na feni kabisa: zipo na ni nzuri, Seasonic wana Prime Fanless TX-700, wati 700, kimya kama kaburi. Lakini 700 kwa mzigo wa 600, ndani ya keisi, mwezi wa pili, Dar es Salaam, hapana. Ile inategemea hewa ya keisi ipite juu yake, kwahiyo utalazimika kuongeza kasi ya feni za keisi, kelele umeitoa mlango wa nyuma ukairudisha wa mbele. Hiyo mwachie mtu mwenye kadi ndogo na sehemu yenye baridi.

1600W: huyo muuzaji alitaka kuondoa mzigo dukani kwake. Ukiwa unaangalia video au unaandika, mashine yako inakula kama wati 80, hiyo ni asilimia 5 tu ya 1600, na pawa saplai nyingi zikiwa na mzigo mdogo kiasi hicho zinapoteza umeme hovyo. Kubwa ni nzuri mpaka mahali fulani. Kwa mzigo wa 600, ya 1000 inakuweka asilimia 60, ya 1200 inakuweka 50, hapo feni inakaa sehemu yake ya chini. Kupita hapo unalipia uzito wa begi.

Kwahiyo mi nasema 1000W, ATX 3.0 au 3.1, feni ya milimita 135 au 140 yenye beringi ya FDB (mafuta yake yamefungiwa ndani), hizi za beringi ya sleeve, zile rahisi, zikilazwa kama zinavyolazwa kwenye pawa saplai mafuta yake hayakai vizuri, mwaka wa pili zinaanza kusaga. Majina: Corsair RM1000x, Seasonic Focus GX-1000, be quiet! Straight Power 12. Seasonic hiyo ina kitufe nyuma kimeandikwa Hybrid, ukikiachia feni inazunguka muda wote, kwa hiyo lile tatizo la dada la kuwaka na kuzima unaliua kwa kidole.

chumvi_forodhani

Assalam alaykum jamaa. Nami nachangia kutoka Unguja, maana naona hapa mnazungumza kama umeme unatoka mbinguni umenyooka.

Ndugu yangu Popo, huko kwako volti ziko ngapi usiku? Pima. Kwetu mtaani jioni watu wakishawasha majiko na viyoyozi nimewahi kuona 180. Pawa saplai hizi nzuri zinakubali kuanzia 100 mpaka 240 kwahiyo haitazima, utaona mambo sawa tu, lakini volti zikishuka yenyewe inavuta ampea nyingi zaidi kupata wati zilezile. Wati 650 kwenye volti 230 ni ampea kama 2.8, kwenye 180 inakuwa 3.6. Ampea zikizidi joto linazidi, joto likizidi feni inazidi. Mimi nilihangaika miezi miwili najiuliza kwa nini mashine inavuma saa moja usiku na saa nane usiku imetulia, gemu lilelile! Kumbe ni mtaa.

Nikanunua stabilaiza. Ikawa inafanya tak… tak-tak… tak kila volti zinapocheza, ile rilei ya ndani. Kelele nimeitoa kwenye keisi nikaiweka chini ya meza. Mwishowe nimeihamishia ukumbini nikavuta waya. Kwahiyo shekhe na hilo lihesabu, kuna watu wananunua pawa saplai ya desibeli 18 wakaichomeka kwenye UPS yenye feni ya 40.

Halafu swali, keisi yako imekaa juu ya nini?

popo_mbezi

Shekhe iko chini, kwenye zulia. Mezani hapatoshi.

chumvi_forodhani

Na feni ya pawa saplai inaangalia chini?

popo_mbezi

…ndio

chumvi_forodhani

Basi inavuta zulia hiyo, haivuti hewa. Inyanyue leo hii, tafuta hata kipande cha mbao au tofali mbili. Na chungulia kichujio cha chini, kama hujawahi kukitoa utakuta blanketi.

popo_mbezi

Wakuu nimekitoa. Sitaki kueleza nilichokikuta, kuna nywele za watu ambao hatukai nao. Nimeweka keisi juu ya stuli fupi ya jikoni na mvumo umepungua, haujaisha, ila umepungua kama robo hivi. Mke anauliza stuli yake.

Volti nimepima kwa mita ya jirani, saa mbili usiku 207, saa sita 226.

fundi_bati

207 sio mbaya. Zanzibari kanikumbusha kitu nilichosahau, ahsante shekhe. Na kuhusu UPS, kama utanunua, pawa saplai za kisasa zina saketi ya PFC, ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme, na baadhi hazielewani na UPS za bei rahisi zinazotoa wimbi la ngazi ngazi, umeme ukikatika UPS inaingia, kompyuta inazima hapohapo, mtu anadhani UPS mbovu. Tafuta iliyoandikwa pure sine wave. Na usidanganywe na VA, soma wati. UPS nyingi za 1000VA zinatoa 600W au chini, hiyo kwa mzigo wako inapiga kelele tiiii na kulala. Anzia 1500VA yenye wati 900.

dada_wa_render

Popo kuna kitu kingine ya bure. Fungua MSI Afterburner, ni programu ya kurekebisha kadi, punguza Power Limit (kikomo cha wati) ya 4090 mpaka asilimia 70. Kadi inashuka kutoka 450 hadi 315. Kwa kazi zangu nilipoteza kama asilimia 5 ya kasi hivi, kwa gemu hutaona na macho. Wati 135 zimeondoka kwa chumba, pawa saplai imepumua, feni za GPU zimeshuka pia. Mimi sijawahi kuirudisha.

popo_mbezi

Dada nimejaribu usiku huu. Gemu lilikuwa linanipa FPS 118 sehemu ile ya mjini, sasa 112. Joto la GPU limeshuka nyuzi 9. Sasa naanza kujiuliza kama nahitaji kununua kitu.

fundi_bati

UNAHITAJI. Hiyo "850W MAX" sio swala la kelele tena. Kadi ya mamilioni unailisha kwa kitu kilichodanganya kwenye kibandiko, kama kilidanganya kwenye wati unadhani kwenye vizuizi vya ndani kilisema kweli? Punguza wati ndio, lakini badilisha.

msafiri_ruwi

Salaam wakuu, mimi niko Muscat, narudi Dar mwisho wa mwezi, na nitapita Dubai siku mbili. Vitu hivi huwa nachukua Al Ain Centre pale Bur Dubai, ghorofa nzima ni maduka ya kompyuta, unalinganisha bei kwa miguu. Pawa saplai ya 1000W kwenye boksi lake ni kilo mbili na zaidi, kwenye begi inaingia. Plagi za huko ni za pini tatu bapa kama za kwetu kwahiyo waya wa boksi unachomeka nyumbani moja kwa moja, sio lazima adapta.

Nilichojifunza kwa maumivu: shika mkononi. Nzuri ni nzito. Niliwahi kuletewa moja nikaishika nikasema hii ni boksi la biskuti. Na fungua boksi palepale, uhesabu nyaya, maana nyaya za pawa saplai moja huwezi kuchomeka kwenye nyingine hata kama tundu zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake. Rafiki yangu alichomeka ya zamani kwenye mpya kwa uvivu wa kupitisha waya upya, akapoteza SSD na hadi diski ya picha za harusi yake.

Kuhusu waranti, Corsair RMx na Seasonic Focus GX zinakuja na miaka 10, inapendeza, ila jiulize ikifa utairudisha wapi. Uliza duka kwanza.

popo_mbezi

Mkuu nimekufuata inbox.

bwana_kelele

Na mimi naomba uniletee tende

popo_mbezi

Wakuu nimerudi, imefika Jumapili. Nimechukua RM1000x ya 2024, ile ya ATX 3.1, imenifikia mkononi laki 6 na kidogo pamoja na shukrani ya msafiri (hakutaka, nikamlazimisha). Asubuhi mke alienda kwao na mtoto nikapata masaa manne.

Cha kwanza, uzito. Niliweka ya zamani mkono wa kushoto na mpya wa kulia, jamani. Ya zamani ni kama mkate. Kibandiko cha mpya kinasoma +12V 83.3A, nikapiga hesabu kwa furaha tu, 999.6.

Nyaya za zamani nimezitoa ZOTE kama mlivyosema, hata ile ya SATA iliyokuwa imebanwa nyuma ya mazabodi. Ile adapta ya GPU ya mikia minne nimeitupa, hii mpya ina waya wake mmoja wa pini 16. Nimeusukuma mpaka nimeona hakuna mwanya kabisa, nikapiga picha kwa simu nikaikuza kuhakikisha, maana zile picha za konekta za 4090 zilizoyeyuka za 2022 zilikuwa zinanijia usingizini. Nimeuachia unyooke kwanza kama sentimita nne ndio ukapinda.

Usiku nikawasha. Power Limit 70, FPS 141, keisi juu ya mbao (stuli imerudi jikoni). Nimecheza saa moja na nusu. Feni ya pawa saplai nilidhani imekufa. Nilizima gemu nikachungulia kwa tochi, haizunguki kabisa, nikaingiwa hofu nikaanza kutafuta kwenye kitabu, kumbe ndivyo ilivyo mzigo ukiwa chini. Nikarudisha Power Limit 100 kwa makusudi, baada ya kama robo saa ikaanza kuzunguka, kimduara cha karatasi ndio kilinisaidia kujua. Sijasikia ile ya kuwaka na kuzima dada, labda kwasababu kwa 70 haiwaki kabisa.

Sasa nasikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia. Pangaboi linagonga kila mzunguko, tk, tk, tk. Friji ya sebuleni ikizima inatetemesha vikombe. Mdogo wangu anakoroma!

fundi_bati

Pangaboi kaza skrubu za pale juu zinakoshika panga, zimelegea hizo. Hilo usilifungulie uzi mwingine 😂

dada_wa_render

Hongera msee. Na kichujio cha chini weka kwa kalenda, kila mwezi.

chumvi_forodhani

Alhamdulillah. Mtoto analala?

popo_mbezi

Analala shekhe. Sasa anaamshwa na mimi nikifungwa goli.

gold_ni_gold

Mkuu ile ya zamani unaiuza? Nina mdau anatafuta 850W Gold ya bei poa.

popo_mbezi

Hapana ndugu yangu. Nimekata waya wake na koleo, nimempa fundi wa mtaani achukue feni. Hiyo usimuuzie mtu.